Saa Nane ya Nani?

Kuna swali moja la Nairobi ambalo nimelisikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi nililiuliza mwenyewe bila aibu. Msee anakwambia, "Tupatane saa mbili pale Archives." Nawe unamrudishia: "Saa mbili ya Kiswahili ama ya Kizungu?" Hakuna anayeshtuka. Anakujibu, mnapatana, maisha yanaendelea.

Siku hizi swali hilo linanichoma. Na lilianza kunichoma nikiwa mbali, Madrid, mwezi wa sita, saa moja kasoro za jioni, nimesimama na njaa nje ya mkahawa ambao viti vyake vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza.

Nilikuwa nimeenda kwa miezi mitatu ya masomo. Nilifika asubuhi, nikalala, nikaamka tumbo linanguruma. Kwetu, saa hizo ndizo sufuria ya ugali iko jikoni na harufu ya sukuma imeshafika kwa jirani. Nikazunguka mtaa wa Lavapiés mlango kwa mlango. Wa kwanza umefungwa. Wa pili kuna watu, wanakunywa na kucheka, lakini chakula hakuna. Nikauliza kwa Kizungu, polepole na kwa sauti, vile shule ilinifundisha kwamba dunia huulizwa. Mzee wa kaunta akanitazama akasema neno moja, "Dime." Sikulijua. Nikarudia Kizungu changu, safari hii kwa sauti zaidi, kana kwamba shida ilikuwa masikio yake. Akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani, akagusa hewa pale penye tisa. Saa tatu usiku. Jikoni kungefunguliwa saa tatu usiku.

Nilirudi chumbani na pakiti ya krispi. Kisha nikafanya kile ambacho Mkenya yeyote aliyetoka nje ya nchi hufanya: nikatumia mbogi yangu ujumbe wa sauti. "Manze hawa watu ni wavivu. Wanakula usiku kama wezi. Halafu hakuna anayejua Kizungu. Mzungu asiyejua Kizungu, umewahi ona?" Nikapata vicheko kumi na moja. Nilijiona mchekeshaji.

Ninaandika haya kwa sababu ya vicheko hivyo. Bado vinaendelea. Kila mwaka kuna kijana wetu anayekwenda Uhispania na kurudi na hadithi hii hii: wanachelewa kula, wanalala mchana, hawajui lugha. Wanachelewa kuliko nani? Hawajui lugha ya nani? Hilo hatuulizi. Tunatoka Jomo Kenyatta tukiwa na saa ya Mwingereza mkononi na lugha yake mdomoni, tunapima watu nayo, na tunadhani tumepima kwa rula ya Mungu.

Siku ya nne nikaangalia chini. Ilikuwa saa nane na robo mchana, navuka barabara, na kivuli changu kilikuwa kifupi kuliko nilivyokuwa nimekiona tangu nifike. Jua lilikuwa limefika juu kabisa. Saa nane na robo! Nairobi jua hufika hapo karibu saa sita na nusu. Ndiyo maana saa saba, wafanyakazi wa mjini wanapomwagika kwenye vibanda kutafuta chapo madondo, jua limepita utosi kwa nusu saa tu. Na huku Madrid, watu walikuwa ndio wanaanza kuingia kula. Nusu saa baada ya jua kupita utosi. Kama sisi.

Nilipotafuta sababu, nikaipata kwenye ramani na kwenye siasa. Chukua ramani uangalie: Madrid iko magharibi ya London. Kwa haki ya jua, saa yake ingekuwa sawa na ya London au nyuma yake kidogo, kama ilivyo kwa jirani yake Ureno. Ilikuwa hivyo mpaka tarehe 16 Machi 1940, serikali ya Franco ilipoamuru saa zisogezwe mbele kwa saa moja. Zikawa sawa na saa za Ujerumani ya Hitler. Vita vikaisha, Hitler akafa, Franco naye akafa mwaka 1975, saa hazikurudishwa. Mwaka 2016 waziri mkuu Mariano Rajoy alipendekeza zirudishwe. Mpaka leo zipo pale pale, na majira ya joto wanaongeza saa nyingine juu.

Kwa hivyo nipige hesabu ambayo hakuna aliyenipigia. Mwezi wa sita jua la Madrid linatua karibu saa nne kasoro dakika kumi usiku. Mtu anayekula saa nne amengoja giza kwa dakika kumi hivi. Nyumbani kwetu Umoja jua linatua saa kumi na mbili na nusu na tunakula saa mbili, wakati mwingine saa tatu kama stima imepotea. Kwa saa ya jua, ni nani anachelewa kula? Ni sisi! Mhispania yuko mezani kabla hata mathe hajasonga ugali.

(Nikubali: mwezi wa kumi na mbili hesabu hii inaniangusha. Jua la Madrid linatua kabla ya saa kumi na mbili jioni na bado wanakula saa tatu, saa nne. Mazoea yana kichwa ngumu kuliko jua. Lakini mimi nilikuwa huko mwezi wa sita, na ni mwezi wa sita nilipowaita wavivu.)

Sasa tazama chombo nilichokuwa nacho na sikukitumia. Kiswahili kinahesabu saa kutoka jua linapochomoza. Likitoka, siku inaanza, na saa moja ikipita tunasema saa moja. Sita ni katikati. Kumi na mbili jua linazama, na usiku unaanza hesabu yake. Waethiopia wanahesabu hivyo hivyo. Ukienda Addis ukiuliza saa utajibiwa kama umeuliza Kariobangi. Hata chakula chetu kimebeba majina hayo: chai ya saa nne, chai ya saa kumi. Mimi niliyezaliwa ndani ya saa inayomwangalia jua, nilifika mahali ambapo saa ya ukutani na jua vimeachana, na badala ya kutumia akili ya kwetu nikatumia ya kuazima. Nikalala njaa.

Na saa ya kuazima yenyewe si takatifu. Kuna wakati, enzi za mkoloni, saa ya Kenya ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika arobaini na tano. Mtu aliketi ofisini akaamua hivyo, baadaye mwingine akaamua iwe tatu kamili. Jua halikuhusishwa.

Nilipoacha kulalamika, nikaanza kula vizuri. Wana chai yao ya saa nne, ila inafika karibu na saa tano: kahawa na kipande cha tortilla, ambayo ni viazi na mayai. Mtu wa Mombasa ataniambia hiyo ni chipsi mayai, na sina ubishi naye. Saa nane na nusu ni chakula kikubwa, sahani mbili na mkate na tunda au kitamu kidogo cha kumalizia, halafu hawainuki. Wanakaa mezani wanapiga story mpaka chakula kishuke, na kukaa huko kuna jina lake, sobremesa. Nilimwambia mwanafunzi mwenzangu kwamba shosho yangu hufanya hivyo kila Jumapili na hatuna jina lake kwa sababu hatukujua ni kitu.

Lugha nayo ikafunguka kwa mlango ambao sikuutarajia. Lile neno la mzee wa kaunta, "dime", maana yake ni "niambie". Niambie! Mzee alikuwa amenisalimia kama msee wa mtaani, na mimi nikampigia kelele. Ukikubali kitu wanasema "vale", na wakikubali sana "vale, vale", kama sisi na sawa sawa zetu. Mtu akipita umekaa na sahani, hata hakujui, anakutakia chakula kikujenge. Kizungu hakina neno la hivyo, kinaazima la Mfaransa. Sisi tuna "karibu" tunayomrushia yeyote anayepita tukila.

Siku moja niliingia duka la mikate saa saba mchana nikasema "buenas tardes", habari za mchana, nikiwa nimejifunza vizuri kitabuni. Mama akacheka. Akanieleza kwa ishara na maneno machache kwamba yeye bado hajala, na kama hajala, basi bado ni asubuhi. Kwake mchana unakuja na sahani. Saa ya ukutani ni maoni tu.

Halafu maneno yenyewe. Sukari ni azúcar. Zafarani ni azafrán. Zeituni ni aceituna, limau ni limón. Mtu usiyemtaja jina ni fulano, nasi tunamwita fulani. Kuagana mpaka kesho ni "hasta mañana", na hiyo hasta ni ile ile hata ya bibi zetu wa pwani, hata kesho. Zote ni za Mwarabu, aliyetawala sehemu za nchi ile kwa karibu miaka 800 na akafanya biashara pwani yetu kwa karne nyingi. Meza ni mesa, bendera ni bandera: hizo tuliachiwa na Mreno, ndugu yake Mhispania. Niliketi kwenye meza ya Kihispania nikagundua nusu ya vilivyo juu yake ninavijua kwa majina, na meza yenyewe pia. Kizungu kilikuwa kimenipa nini pale? Bei, na maelekezo ya kwenda stesheni.

Nisiwapake asali. Mkatalani au Mbaski atakueleza jinsi utawala ule ule uliosogeza saa ulivyofukuza lugha zao shuleni na maofisini, na Wahispania wengine hata leo wanakereka wakizisikia. Sisemi hao ni malaika wa lugha. Nasema kitu kidogo: mzee wa kaunta hakuniomba msamaha kwa kutojua Kizungu. Hakuona haya. Alikuwa nyumbani kwake, na ni mimi niliyekuwa mgeni. Sasa ingia mkahawa wowote Kilimani. Weita ana Kiswahili, wewe una Kiswahili, na mtaagizana kuku kwa Kizungu kilichonyooshwa kwa pasi, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kulegeza. Hakuna Mzungu hapo. Mnamwogopa nani?

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi ya safari, na ningekuwa nimewachekesha tena. Lakini wiki ya tatu mathe alinipigia simu, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

Shosho ana ugonjwa wa sukari. Yuko kijijini Nyeri, ana simu ya kabambe, na ndugu yangu mdogo wa miaka kumi na tano alikuwa ameenda kwake likizo fupi ya katikati ya muhula. Kliniki moja ilikuwa imembadilishia Shosho dawa, na maelezo yakatumwa kwenye simu ya kijana kwa Kizungu. Kidonge kimoja 8 am, kimoja 8 pm, kabla ya chakula. Kijana akasoma akamtafsiria nyanya yake: "Shosho, ni saa nane na saa nane."

Shosho ni wa kizazi kinachotii daktari. Saa nane mchana akameza. Usiku akamwagiza kijana aweke kengele kwenye simu, na saa nane usiku akaamka kwenye baridi ile ya Nyeri, akameza kidonge na maji, akarudi kulala. Kabla ya chakula, waliambiwa. Lakini ni nani anakula saa nane usiku? Ilipofika saa kumi alfajiri alikuwa ameloa jasho, anatetemeka, maneno hayashikani. Kijana akakimbia kwa jirani. Mungu amjalie maisha mama yule, aliangalia mara moja akaelewa, akakoroga chai yenye sukari ya kuua nzi, akamnywesha kijiko kwa kijiko mpaka macho yakarudi. Kulipopambazuka wakampeleka hospitali.

Mathe alikuwa anamfokea kijana huku nikisikia. Kijana analia. Huyu ni mtoto anayepata A ya Kizungu. Anajua 8 ni nini, anajua am ni asubuhi. Kitu asichokijua ni kwamba asubuhi haina saa nane. Shule yake ilimfundisha Kiswahili kama somo, dakika arobaini halafu kengele, na saa ikabaki kwenye kitabu. Mtaani, kila alipoingiwa na shaka alikuwa na lile swali letu la kumwokoa. Siku hiyo hakuingiwa na shaka.

Utasema basi angeuliza: ya Kiswahili ama ya Kizungu? Hapo ndipo ninapolichukia swali lenyewe. Saa nane ya Kizungu haipo. Haijawahi kuwepo. Mwingereza hana saa nane, ana "eight", na "eight" ya asubuhi kwa Kiswahili inaitwa saa mbili. "Saa nane" ni maneno ya Kiswahili na yana maana mbili tu duniani: mchana jua likianza kuinama, na usiku wa manane. Usiku wa manane! Hata usiku wenyewe tumeuita kwa namba hiyo. Tulipokubali kwamba "saa nane" inaweza pia kuwa ya Kizungu, tulikubali kwamba maneno yetu hayana maana mpaka Kizungu kiitwe kushuhudia. Gharama ya hayo, mjini, ni kuchelewa deti. Kijijini ililipwa na mwili wa Shosho.

Najua ninachojibiwa, maana nimejibiwa tayari na mbogi ile ile. Eti Kizungu ni lugha ya dunia. Dunia gani? Nimetoka huko, nikalala na krispi. Eti simu zote zinaonyesha saa za Kizungu. Simu inaonyesha namba, na shosho yeyote wa Gikomba anaiona 7:00 anasema saa moja bila kupepesa. Nilipomweleza yule mwanafunzi mwenzangu kwamba mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki husoma namba moja na kutamka nyingine, siku nzima, tangu utotoni, bila kukosea, alitaka nimfundishe. Sisi tunaita huo mkanganyiko. Eti Kiswahili si lugha yetu, sisi ni Wakikuyu, Waluo, Wakamba. Vizuri, basi nenda kwa Gikuyu cha Shosho: nako saa mbili ni saa mbili, asubuhi ile ile.

Sidai serikali isogeze saa, Franco alitosha. Ninachodai hakifikii bei ya soda. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kizungu. Basi kliniki inayomtumia mgonjwa ujumbe iandike "saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kula mara tu baada ya kumeza". Ni maneno kumi na matatu. Mfamasia ayaandike kwenye pakiti. Basi la kwenda Kisumu liyaandike kwenye tiketi. Na wewe unayesoma hapa, ukiambiwa tupatane saa mbili, uliza asubuhi ama jioni. Lile lingine likikufika mdomoni, limeze, na usiku wa manane usimwamshe mtu.

Shosho aliruhusiwa kutoka hospitali baada ya siku mbili. Ndugu yangu akabandika karatasi ukutani kando ya kitanda chake, akachora jua na mwezi kwa biro, na chini ya kila mchoro akaandika kwa herufi kubwa: SAA MBILI. Akanitumia picha bila kuandika neno.

Jioni yake nilimpigia Shosho nikiwa dirishani. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado, hapa ni saa tatu usiku, chakula ni baadaye. Akaniuliza zile kelele za watoto ni za nini. Nikamwambia wako nje wanacheza mpira, bado kuna jua.

"Jua?" akasema. "Basi huko ni jioni, wacha kunidanganya. Na chapati umepata?"